Nikiisikia Feni, Sifungui

Mume wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa nimelala chini ya lori, kutu na vumbi vimeniingia machoni. Upepo uliokuwa ukivuma ndani ya simu ulinijulisha kwamba amepanda juu ya tuta la mchanga, kwa sababu kwenye kituo chetu cha ng'ombe mtandao haupatikani bondeni, na hata huko tutani unashika kwa kusuasua.

"Mma-Thuso, uko wapi?"

"Bado kijijini. Panga moja la feni ya injini lilikatika jana jioni. Ndiyo nalitazama."

Rra-Thuso, baba wa Thuso kama mimi nilivyo mama wa Thuso, hasemi kabla ya kupima.

"Mashine ya kisima haiponi leo," akasema. "Kifaa chake hakijatoka Gaborone. Ng'ombe hawajanywa tangu juzi. Nimewafungia zizini, maana nikiwaachia unajua watakakokwenda."

Nilijua. Wangekwenda Seretseng. Ni bwawa la mvua, nusu saa kwa miguu kutoka zizini, na jina lake maana yake ni penye tope. Wakati wa mvua ng'ombe wetu hunywa pale kwa raha zao. Lakini huu ulikuwa mwezi wa tano, kwetu mvua zimekwisha, maji yameshakauka, limebaki gamba jeupe la udongo juu na chini yake tope linalonata. Ng'ombe mwenye kiu hunusa ule unyevu, huingia, gamba huvunjika, naye huzama hadi tumboni na hatoki tena. Baba mkwe wangu alimalizikia pale, namaanisha kundi lake, naye mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Rra-Thuso alikuwa kijana wakati huo. Alishika kamba upande wa pembe siku nzima, na mpaka leo haendi Seretseng hata kuokota kuni.

"Tangi la lori limejaa," nikamwambia. "Nakuja na maji."

"Basi sikia, simu inazima. Nitakaa langoni. Feni ya lori lako huwa naisikia ungali mbali sana, na leo upepo unatoka kwenu kuja huku. Nikiisikia feni, sifungui, hata wakivunja pembe. Lakini jua likifika utosini sijaisikia, nafungua wakiwa bado na miguu ya kutembea. Watakaokuta matikiti ya porini watapona. Wengine…"

Simu ikakatika. Nilipompigia, yule mwanamke wa kampuni ya simu akaniambia kwa adabu zake zote kwamba hapatikani.

Mimi na Rra-Thuso tulianza na mitamba wawili wa watu, tuliopewa tuwachunge tukinywa maziwa yao na kupata ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Kila ng'ombe aliyekuwa ndani ya zizi lile asubuhi ile tulimpata hivyo, kwa kusubiri. Sina pensheni, sina duka. Nina lori la zamani la jeshi nililonunua mnadani, na nina ng'ombe. Vyote viwili vilikuwa vinaniponyoka siku moja.

Nikaliwasha lori na kuliendesha taratibu, feni ikigonga na kutikisa kebini nzima, mpaka uani kwa Seabelo.

Seabelo ni fundi, na ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani, na zamani familia zilitaka anioe. Nilikataa. Miaka thelathini imepita na bado hajanisamehe, au anajifanya hajanisamehe kwa sababu anaupenda utani huo kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Nilimkuta anakula magwinya, maandazi ya kwetu, na chai.

"Basadi," akasema, kwa maana yeye huniita jina langu la usichana, "lori lako linacheza muziki wa kwaito. Mumeo amekushindwa sasa unarudi kwangu?"

"Leo sina muda wa utani. Ng'ombe wanakufa kwa kiu."

Akaweka kikombe chini. Kwa hilo namsifu, anajua wakati wa kuweka kikombe chini.

Alifunua injini akaingiza kichwa. Feni ya lori lile ilikuwa chuma kitupu, mapanga sita mapana, inazungushwa na mkanda wa injini, na ikishika kasi inanguruma hadi mbwa wa kijiji wanaamka. Panga moja lilikuwa limekatika kwenye shina.

"Rahisi," akasema. "Tukate na la upande wa pili, isawazike. Utakwenda na manne."

"Tazama shina la hili. Na hili. Yote yana nyufa. Moja likiruka nikiwa kwenye mchanga, linapasua rejeta, halafu ninywe chai na mbweha?"

Alipitisha kidole kwenye ufa, akaguna. "Basi itoke yote. Mkanda utaendelea kuzungusha pampu ya maji. Upepo tutatafuta mwingine."

Upepo mwingine ulikuwa kwenye rundo lake nyuma ya nyumba, feni za umeme za magari madogo yaliyokufa, zimelaliana na milango na viti. Ya kwanza aliyonivutia ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa.

"Hii imetoka kwenye gari la mkubwa mmoja. Bado ina kiburi."

Niliibeba nikaiweka mbele ya rejeta. Ilifunika kona moja, sehemu nyingine ikabaki uchi. Nikamwambia feni moja ya pembeni itapoza pembeni tu, mimi nataka rejeta nzima ivutiwe hewa. Isitoshe umeme wa lori la jeshi ni mara mbili ya umeme wa gari dogo. Ukiiunga peke yake, kiburi chake kinaungua kabla hatujatoka getini. Zilihitajika mbili, ziungwe kwa kufuatana ili zigawane umeme nusu kwa nusu.

"Nazijua hesabu hizo, mama," akasema Seabelo, naye akavuta nyingine mbili zilizofungwa kwenye fremu moja. "Hawa hapa mapacha. Tumbo moja."

"Mapacha gani, mmoja ameshiba mwenzake ana utapiamlo?"

Kweli moja ilikuwa pana na nyingine nyembamba. Zisipolingana, ile dhaifu hubeba umeme mwingi kuliko uwezo wake, inaungua, na ikikatika hiyo, mwenzake naye anasimama. Seabelo alijua hilo kuliko mimi. Alikuwa anajaribu tu kama harakaharaka imenitoa akili. Tukapekua wote wawili, mikono ikichubuka, na jua likizidi kupanda juu ya ukuta. Hatimaye tukapata mbili zinazofanana kweli, kutoka magari mawili ya aina moja. Nilizizungusha kwa kidole. Moja ilikuwa na mchanga ndani inakwaruza, akaifungua, akaipuliza, akaitia mafuta, ikateleza.

Kuzifunga ndiko kulikotugombanisha. Alikuja na mikanda ya plastiki, ile inayopitishwa katikati ya mapezi ya rejeta na kukazwa upande wa pili.

"Dakika tano," akasema.

"Na baada ya saa moja ya kurukaruka itakuwa imekata vijibomba vya maji kama msumeno. Weka chuma."

"Unataka kufika au unataka maonyesho?"

"Seabelo, nataka kufika."

Akatupa mikanda chini akachukua vyuma bapa. Akavikata, akavitoboa, akavivusha nyuma ya rejeta kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kati ya chuma na rejeta nikaweka vipande vya mpira wa tairi visisagane. Vyuma vilihitaji mahali pa kushikia kwenye fremu. Matundu yaliyofaa yalikuwepo tayari, lakini yalikuwa ya honi.

"Honi inaziba nafasi," akasema akiwa chini.

"Itoe."

"Mchangani honi ya nini? Utampigia nani, mbuni?" Akaifungua, akaiweka juu ya meza yake kando ya magwinya.

Alipounga waya na kubonyeza swichi, feni zilizunguka bila ubishi. Nilichukua ukurasa wa gazeti nikauweka mbele ya rejeta. Ukaruka ukanipiga usoni. Zilikuwa zinasukuma hewa nje badala ya kuivuta. Akabadilisha waya, chanya kwa hasi, akawasha tena. Safari hii gazeti lilinata kwenye uso wa rejeta kama limegandishwa, pembe zote nne. Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipumua mpaka chini.

"Nakuja nawe," akasema. "Kazi yangu ikifa njiani nataka kuizika mwenyewe."

Kutoka kijijini hadi kituoni ni njia moja ya mchanga, magurudumu yana mifereji yake miwili na katikati nyasi zimesimama hadi kifuani. Ukiwa na tangi la maji mgongoni, mchanga unakushika magoti. Injini inalia kwa gia ya pili, huendi kasi kuliko mtu anayekimbia, na hewa ya mwendo haipo. Mbele ya rejeta tunafunga neti kwa sababu ya mbegu za nyasi. Usipofunga, zinajaa kati ya mapezi mpaka rejeta inakuwa godoro.

Mwanzoni sindano ya joto ilikaa katikati, haitikisiki. Nikaanza kuipenda. Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Miaka kumi na moja nimeendesha lori lile nikipiga kelele ili aliyekaa karibu yangu anisikie. Sasa nilisikia maji yakijigonga ndani ya tangi, nikasikia kiti kinavyolia.

"Unasikia?" akasema Seabelo, amekunja mikono. "Nimekununulia limousine. Limetulia kama bibi harusi siku ya kwanza ukweni."

"Limetulia," nikakubali. Nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi kama mjinga.

Kadiri jua lilivyopanda ndivyo upepo ulivyokaza, na ulikuwa unatoka nyuma yetu, unakwenda tunakokwenda, kwa mwendo unaoupita wetu. Vumbi letu wenyewe lilikuwa linatupita linatangulia mbele. Sindano ikaanza kusogea. Nikasimama, Seabelo akashuka na ufagio akaifagia neti, mbegu zikaanguka gunia zima. Tukaondoka, ikarudi kidogo, halafu ikapanda tena.

"Feni zinavuta mbele na upepo unasukuma nyuma," akasema. "Zinapigana na Mungu."

"Zinashindwa?"

Aliitazama sindano. "Bado."

Hakuna dereva wa huku asiyejua dawa yake. Unageuza pua ya gari iutazame upepo, unaacha injini iungurume taratibu, unangoja. Lakini kugeuza lori lenye maji maana yake ni kutoka kwenye mifereji na kuingia nyasini. Nikalikokota nje ya njia, nyasi zikafunika boneti, nikalizungusha polepole mpaka vumbi likatupiga usoni. Sindano ikasimama. Ikaanza kushuka.

Halafu nikasikia harufu ya moshi.

Seabelo alikuwa ameshafungua mlango. Mbegu na majani makavu yalikuwa yamejazana juu ya bomba la moshi, na kitu kilikuwa kinafuka pale chini, cheusi chenye jicho jekundu. Nyika nzima ile ilikuwa nyasi kavu, na upepo ungepeleka moto moja kwa moja zizini. Nilifungua koki ya tangi, nikalowesha gunia, nikamrushia. Akajitumbukiza chini ya lori kwa tumbo. Nilimsikia akipiga, akikohoa, akinitukana mimi na posa niliyoikataa. Alipotoka, nyusi zake za upande mmoja zilikuwa zimeungua.

"Imezimika?"

"Imezimika. Ningeoa mwanamke mwingine yeyote, ningekuwa nyumbani sasa hivi."

"Ulioa mwanamke mwingine."

"Ndiyo maana nikakimbia nyumbani," akasema, akaketi mchangani.

Tukasafisha chini ya lori kwa vidole, kila ubua. Nilipotazama juu, kivuli changu kilikuwa kifupi. Tulikuwa tumebakiza matuta mawili. Nikajituliza nikisema Rra-Thuso yuko langoni na upepo unamwelekea. Kwa upepo ule alikuwa ametusikia zamani. Amekaa juu ya gogo lake, amekunja miguu, anawaambia ng'ombe tulieni, mama yenu anakuja. Tungoje sindano ishuke vizuri, hapana haja ya kuua injini. Niliegemea mlango, nikanywa maji, injini ikiunguruma chini na feni mbili zikizunguka.

Njiwa alilia kwenye mti wa miiba upande wa pili wa njia.

Nikamsikiliza. Alilia tena, vizuri kabisa, kila mkunjo wa sauti yake. Nikajiuliza, tangu lini nimemsikia njiwa injini ya lori hili ikiwaka?

Nikamgeukia Seabelo.

"Seabelo. Hatusikii."

"Nani?"

"Rra-Thuso. Ameniambia anasikiliza feni. Ile feni, ile ya chuma. Ile iliyo kwenye rundo lako."

Nikamwona anasikiliza lori, kama mimi, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Piga honi," akasema, na kabla hajamaliza uso ukasawijika. Honi ilikuwa mezani kwake, karibu na magwinya.

Nilijaribu simu. Haipatikani. Tukapanda. Sindano ilikuwa imeshuka nusu tu ya nilivyotaka.

"Basadi, ngoja kidogo, bado ina moto. Utapasua kichwa cha injini."

"Kipasuke."

"Hakuna kingine nchi hii. Lori la namna hii mmebaki nalo wewe na makumbusho."

"Nimesema kipasuke."

Tuta la kwanza nililipanda kwa gia ya kwanza, upepo umerudi mgongoni, na nilitazama sindano ikiingia kwenye nyekundu bila hata kunipungia mkono. Seabelo alikuwa ametoa kichwa dirishani anatazama jua. Sikumuuliza. Kwenye bonde la katikati mvuke ulianza kutoka chini ya boneti, mweupe, na harufu ya rangi iliyoungua. Injini ikaanza kugonga, kwanza kwa mbali, halafu kama mtu anapiga mlango. Nilikuwa naongea nayo. Niliiambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mume wangu. Tuta la pili ni refu, ndilo ambalo yeye hupanda kupiga simu, na karibu na kilele magurudumu yalianza kuchimba. Nikazungusha usukani kushoto, kulia, kushoto, lori likapanda kama kobe, pua ikatokea juu angani, kisha ikainama. Injini ikatoa mlio mmoja mkavu na kufa papo hapo.

Chini yetu nililiona zizi. Lango lilikuwa wazi.

Ng'ombe walikuwa wameshatoka. Walikwenda mstari mmoja mrefu, vichwa chini, polepole, na mstari ule ulielekea weupe wa Seretseng. Mbele yao walikuwa wachache waliokwisha kutangulia mbali. Rra-Thuso, wachungaji wetu wawili nyuma yake, alikuwa anakimbia ubavuni na fimbo, akijaribu kuwageuzia upande wa matikiti, na hakuna hata mmoja aliyemjali. Nilipiga kelele. Upepo uliichukua sauti yangu, lakini sauti ya mtu mmoja juu ya tuta ni nini mbele ya kwato zote zile? Hakugeuka.

Ndipo nikaufikiria upepo wenyewe. Ulikuwa umetuumiza asubuhi nzima. Ulikuwa bado unavuma, unatoka kwetu unakwenda kwao.

Niliruka chini nikakimbilia nyuma ya tangi.

"Lete turubai!" nikamwambia Seabelo. "Litandike kwenye shimo hapo."

"Unafanya nini?"

Nikaizungusha koki mpaka mwisho. Maji yalitoka unene wa paja, yakapiga mchanga wenye moto, na mchanga ukatoa ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo kila kiumbe wa nchi hii huijua. Nikayaacha yamwagike. Maji niliyovuka nayo kifo, nikayaacha yanywewe na tuta. Seabelo alishika kichwa, halafu akaelewa, akalivuta turubai akalitandika mahali maji yalipokuwa yanateremkia.

Tilodi ndiye aliyesimama kwanza. Ni ng'ombe mkubwa wa mistari, mjukuu wa mmoja wa wale mitamba wawili, na kundi humfuata yeye bila kuuliza. Aliinua pua. Nilimwona akiinua pua, nikaishikilia koki kwa mikono miwili nikisema njoo, njoo, njoo mama. Akageuza shingo. Akageuza mwili. Na alipoanza kutembea kuelekea tutani, mstari wote ulivunjika katikati ukajikunja nyuma yake.

Hapo ndipo Rra-Thuso alipotazama juu akatuona.

Sina maneno ya saa iliyofuata. Tuliwapiga kwa fimbo na kwa kofia wasikanyagane, tukawaacha wanywe kidogo, tukawafukuza, tukawarudisha. Wanne wa mbele hawakugeuka. Rra-Thuso alinitazama mara moja tu, akachukua kamba kwenye lori, akaondoka na Seabelo na wachungaji wetu wawili kwenda Seretseng. Mimi nilibaki na koki na kundi. Nilisikia wale wanne wakilia kwa muda mrefu. Upepo ulipopoa jioni nilisikia wawili tu, halafu nikawaona wawili hao wanakuja wakiyumba, weusi kwa tope mpaka mgongoni, na nyuma yao wanaume.

Rra-Thuso alikuwa na tope mpaka kifuani. Aliingia Seretseng. Mtu ambaye haendi pale hata kuokota kuni.

Alikaa juu ya gurudumu la mbele, akanywa maji kutoka kwenye kopo, akamwaga mengine kichwani. Sikumkaribia. Nilikuwa na hasira na yeye, na Seabelo, na nafsi yangu, na mchonga lango la kwanza duniani.

"Niliwasikia," akasema hatimaye.

"Ulitusikia?"

"Tangu jua likiwa pale." Alionyesha kwa kidevu. "Upepo ulileta mlio wa gari. Nikasimama nikasikiliza. Nikasema hapana, hilo ni la watu wengine, wanapita zao. La mke wangu nalijua." Aliligeuza kopo mikononi. "Niliendelea kulisikia, Mma-Thuso, nikiwa nafungua lango."

Seabelo alijifanya anatafuta kitu kwenye mchanga. Mimi nilikuwa na spana mkononi, na kwa muda fulani sikujua nitaifanyia nini. Kisha nikaiweka juu ya bampa.

Rra-Thuso akasimama, akasogea mbele ya lori, akaitazama neti iliyojaa mbegu na giza la rejeta nyuma yake. Injini ilikuwa imekufa, pengine moja kwa moja.

"Zinafanya kazi bila injini?" akauliza.

"Zinakula betri."

"Ziwashe."

"Rra-Thuso, za nini sasa?"

"Ziwashe, nizisikie."

Nikapanda kwenye kebini, nikabonyeza swichi. Feni mbili zikaanza kuzunguka, sauti nyembamba, ndogo, ambayo mtu akiongea inapotea. Rra-Thuso alifumba macho na kuinamisha kichwa, tope likikauka usoni mwake. Alisimama hivyo hadi Seabelo akanong'ona kwamba betri zitaisha, nami nikamwambia aziache ziishe.